Uendelevu Uingie kwenye Karatasi ya Alama

Mheshimiwa Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Wanasheria wenzangu, maofisa ununuzi, wakaguzi, na ninyi wajumbe wa kamati za tathmini, ambao kwa kawaida hamualikwi kwenye mikutano kama hii ingawa kazi yenyewe mnaifanya ninyi: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari zenu.

Nimepewa mada ya uendelevu, yaani kununua kwa kujali mazingira, watu na gharama za baadaye, katika sheria ya ununuzi wa umma kwenye nchi inayoendelea. Rai yangu nitaitoa mapema, ili anayetaka kusinzia asinzie akiwa ameshaipata. Sheria nyingi za ununuzi siku hizi zinautaja uendelevu, na zinautaja mwanzoni, kwenye vifungu vya malengo na misingi. Ukifika kwenye kifungu kinachosema zabuni apewe nani, haupo tena. Hakuna mzabuni aliyewahi kushinda kwa kifungu cha misingi. Anashinda kwa karatasi ya alama, ile inayojazwa na watu watatu au watano wamejifungia chumbani, na kitu kisichokuwa na alama kwenye karatasi ile hakipo, hata kama katiba inakitaja.

Kenya ni mfano mzuri kwa sababu imekwenda mbali kuliko wengi. Ibara ya 227 ya Katiba yake ya 2010 inataka ununuzi uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wenye gharama nafuu. Masharti hayo hayo matano yamo kwenye ibara ya 217 ya Katiba ya Afrika Kusini. Kisha sheria ya Kenya ya 2015, kifungu cha 3, ikaongeza maendeleo endelevu na hifadhi ya mazingira miongoni mwa misingi. Na kifungu cha 86 kikaruhusu zabuni ishinde kwa gharama ndogo kabisa ya umiliki kwa jumla, yaani bei ya kununua pamoja na gharama za kukaa na kitu hicho. Hapo sheria imefika kwenye karatasi ya alama. Nchi nyingi hazijafika hapo, na zile zilizofika, njia hiyo huachwa kitabuni huku kamati zikiendelea na bei iliyo chini.

Kwa nini? Tusikimbilie kusema maofisa ni wavivu. Tuangalie sheria hizi zilizaliwaje.

Wimbi la sheria za ununuzi lililopita Afrika mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilifuata kwa kiasi kikubwa sheria ya mfano ya 1994 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria ya biashara ya kimataifa, na mara nyingi wakopeshaji walikuwa wamesimama nyuma wakihimiza. Tanzania ilitunga yake 2001, Ghana na Uganda 2003, Kenya 2005. Ugonjwa uliokuwa unatibiwa ulikuwa rushwa. Na dawa iliyoonekana kufaa ni kumpunguzia ofisa nafasi ya kuamua: aliyekidhi masharti na kutoa bei ya chini iliyotathminiwa, apewe. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba mtu yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuihakiki. Mwandishi wa habari anaweza, mkaguzi anaweza, na mzabuni aliyeshindwa anaweza. Kwa nchi ambayo juzi tu zabuni zilikuwa zinagawanywa kwa simu, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo anayekuja leo na hoja ya mazingira na ajira akubali kwanza kwamba anaomba kumrudishia ofisa sehemu ya uamuzi aliyonyang'anywa kwa sababu nzuri. Wengi wa wanaharakati wa ununuzi endelevu wanaikwepa hoja hii. Mimi naona tukiikwepa tumeshapoteza kesi, kwa sababu wabunge wanaijua na wakaguzi wanaiishi.

UNCITRAL wenyewe waliirekebisha sheria ya mfano mwaka 2011. Ibara ya 11 sasa inaruhusu kigezo kiwe gharama za kuendesha, kutunza na kutengeneza bidhaa, na pia sifa za kimazingira za kile kinachonunuliwa. Inaruhusu vilevile sera za kijamii na kiuchumi zizingatiwe, mradi kanuni au sheria nyingine ya nchi iwe imeziidhinisha. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kanuni zikikaa kimya, ofisa anayeweka kigezo cha mazingira kwenye nyaraka za zabuni anajitengenezea rufaa kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa niwapeleke ndani ya chumba cha tathmini. Mfano huu ni wa kufikirika, namba nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Mamlaka ya maji inanunua pampu itakayofanya kazi miaka 10. Pampu ya kwanza bei yake ni 100. Ya pili ni 200, ila inatumia umeme kidogo na kuokoa 15 kila mwaka. Kwa kanuni ya bei ya chini, mjadala umekwisha: ya 100. Kwa gharama za maisha yote ya pampu, ile ya pili imezidi kwa 100 mwanzoni lakini itarudisha 150 katika miaka 10. Inashinda kwa 50. Wahenga walishasema rahisi ghali, na hakuna mtu ndani ya chumba hiki anayenunua jokofu la nyumbani kwake bila kuuliza linakula umeme kiasi gani.

Lakini ngojeni, hesabu haijaisha. Mchumi atasema fedha ya mwaka wa 10 haina thamani sawa na fedha ya leo, kwa hiyo akiba ya kila mwaka ipunguzwe kwa kiwango fulani. Yuko sahihi. Mkitumia asilimia 5, ile akiba ya 150 inakuwa kama 116 kwa thamani ya leo, na pampu bora bado inashinda. Mkitumia asilimia 12, inashuka hadi karibu 85. Pampu bora imeshindwa. Pampu hazijabadilika, wazabuni ni wale wale, umeme ni ule ule. Kilichobadilika ni namba moja, na nawaomba mkirudi ofisini mtafute ndani ya kanuni zenu ni nani mwenye mamlaka ya kuitaja. Nchi zinazoendelea hukopa kwa riba kubwa, na wizara zake za fedha huzoea viwango vya juu vya namna hii katika kupima miradi. Maana yake ni kwamba nchi inaweza kupitisha sheria nzuri kabisa ya gharama za maisha yote na bado ikaendelea kununua pampu mbovu, tena kwa hesabu safi isiyo na doa.

Na kama namba hiyo haikutangazwa kabla ya zabuni kufunguliwa, basi ndiyo tumempa mla rushwa zawadi. Anafungua bahasha, anaona nani katoa nini, kisha anachagua kiwango kinachompitisha rafiki yake. Kwa hiyo kanuni ziseme wazi: kiwango cha punguzo, yaani ile asilimia 5 au 12, idadi ya miaka, bei ya umeme au mafuta itakayotumika, vyote viandikwe kwenye nyaraka za zabuni tangu siku ya kwanza. Kikokotoo kinabaki mezani. Mwandishi wa habari bado anaweza kuhakiki. Tofauti ni kwamba sasa kinakokotoa kitu chenye maana.

Mahakama zimeshalipitia jambo hili kwa undani, ingawa kesi ninazozijua vizuri zimetoka Ulaya na kwetu zina nguvu ya kushawishi tu. Mwaka 2002, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la Concordia Bus dhidi ya jiji la Helsinki. Jiji lilikuwa linatafuta mwendeshaji wa mabasi na lilitoa alama za ziada kwa mabasi yenye moshi na kelele kidogo. Kampuni iliyoshindwa ikalalamika kwamba hayo si mambo ya kiuchumi. Mahakama ikasema vigezo vya mazingira vinaruhusiwa, kwa masharti manne: vihusiane na kile kinachonunuliwa, visimpe mnunuzi uhuru usio na mipaka, vitajwe wazi kwenye nyaraka au tangazo la zabuni, na viheshimu misingi mikuu ya sheria, hasa kutobagua. Mimi napenda masharti haya kwa sababu yanajibu moja kwa moja ile hofu ya rushwa. Hakuna linalomzuia mbunge wa nchi yoyote kuyaandika kwenye kanuni zake kesho asubuhi.

Kesi ya pili, ya 2012, ilihusu Uholanzi. Mkoa mmoja ulitaka mashine za kahawa na chai, na ukataja kwa majina nembo maalumu za kilimo hai na biashara ya haki. Mahakama ikasema mnunuzi aeleze sifa anazozitaka, asimlazimishe mzabuni awe na nembo fulani, na aliyetimiza sifa hizo kwa njia nyingine akubaliwe.

Hili la nembo kwetu lina uzito kuliko huko lilikotoka. Cheti cha kimataifa cha mbao au cha mfumo wa usimamizi wa mazingira kina gharama: ada, wakaguzi wa kuja na kurudi, makaratasi ya kila mwaka. Kampuni kubwa kutoka nje inacho tayari. Fundi seremala mwenye wafanyakazi wanane hana, hata kama mbao zake zimetoka kwenye shamba la kupandwa analoweza kukuonyesha kwa mguu. Ofisa akiandika "mzabuni awe na cheti fulani" akidhani anaokoa misitu, amewafungia nje wadogo wote na ameupa uendelevu sura ya ubeberu, na hapo ndipo siasa za kuupinga zinapoanzia. Aandike badala yake ushahidi anaoutaka: kibali cha kuvuna, hati ya kusafirisha, risiti ya ushuru wa msitu, au cheti kwa aliye nacho. Sharti ni lile lile la mbao halali. Walioweza kulitimiza ndio walioongezeka.

Nimewataja wadogo, basi niingie kwenye upande wa kijamii, ambao nchi zinazoendelea zimeushika kwa nguvu zaidi kuliko ule wa mazingira. Kenya imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa biashara za wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Tanzania nayo ina tengo la asilimia 30 kwa makundi maalumu. Afrika Kusini kwa sheria yake ya 2000 iliweka mfumo wa alama 80 za bei na 20 za malengo mahususi, na 90 kwa 10 kwa zabuni kubwa. Sheria mpya iliyotiwa saini 2024 imekuja kuchukua nafasi yake. Hapa kuna namba, na kwa sababu kuna namba, kila mzabuni anajua anasimama wapi kabla hajaandika bei. Mnaweza kubishana kuhusu ubora wa mifumo hii, na wengi tunabishana, lakini hakuna anayesema haionekani kwenye karatasi ya alama.

Kinachoiua ni malipo. Kikundi cha vijana kinashinda zabuni ya kusambaza vifaa vya usafi, kinakopa ili kununua mzigo, kinaupeleka, unapokelewa, unasainiwa. Kisha hati ya madai inalala kwenye meza ya mhasibu hadi mwaka wa fedha unageuka. Mfanyabiashara mkubwa atavumilia, ana benki yake na ana wateja wengine. Kikundi kile kimekufa, na mkopo kimeubeba. Taarifa ya mwaka ya taasisi itaonyesha asilimia 30 imetimizwa, kwa kuwa taarifa inahesabu mikataba iliyosainiwa. Ningekuwa naandika kanuni leo, kwa zabuni za makundi haya ningeanza na siku za malipo na riba ya kuchelewesha, na taarifa ingehesabu fedha zilizolipwa na tarehe zilipolipwa. Bila hivyo tunawaalika maskini waikopeshe serikali.

Upo mkataba mmoja wa kimataifa ambao karibu hakuna anayeutaja kwenye mijadala hii, na mimi nimeubeba leo makusudi. Ni Mkataba Na. 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, kuhusu vifungu vya kazi katika mikataba ya umma. Kenya, Uganda na Tanzania zote zilijifunga nao miaka ya 1960. Unasema mikataba ya serikali iwe na kifungu kinachowahakikishia wafanyakazi wa mkandarasi ujira, saa na mazingira ya kazi yasiyopungua yale ya kazi kama hiyo katika eneo hilo. Unataka matangazo yabandikwe sehemu ya kazi ili wafanyakazi wazijue haki zao. Na unaruhusu malipo ya mkandarasi yazuiwe ili wafanyakazi wapate ujira wanaodai. Huo wote ni ununuzi endelevu, ulioandikwa miaka 38 kabla ya tume ya Brundtland, ile ya Umoja wa Mataifa ya mazingira na maendeleo, kutoa maana yake ya maendeleo endelevu mwaka 1987. Waheshimiwa, hatuhitaji mshauri mwelekezi kutoka nje atuletee wazo hili. Limo kabatini.

Na lina hesabu yake rahisi kuliko ya pampu. Chukueni zabuni ya ulinzi au ya usafi wa majengo, ambako karibu gharama yote ni watu. Zidisheni idadi ya walinzi wanaotakiwa kwa zamu, mara kima cha chini cha mshahara kwa mujibu wa sheria, mara miezi ya mkataba. Ongezeni michango ya hifadhi ya jamii. Kama jumla hiyo imepita bei ya mzabuni aliyeshinda, kuna mtu hatalipwa, na serikali imesaini ikijua. Ibara ya 20 ya ile sheria ya mfano ya 2011 inaruhusu kukataa zabuni yenye bei ya chini kupita kawaida, baada ya kumwomba mzabuni maelezo. Kamati nyingi zinaogopa kuitumia kwa kuwa hazina kipimo cha "kupita kawaida". Kwa kazi za namna hii kipimo kipo, ni sheria ya kazi yenyewe. Inatosha karatasi moja.

Wakaguzi, naomba mnivumilie kidogo, maana hofu ya kamati ninayoizungumzia ina anwani na baadhi yenu ndio mnaoishi humo. Ofisa anayenunua pampu ya 200 wakati ya 100 ilikuwepo anajua miaka miwili baadaye atapata hoja ya ukaguzi. Ofisa anayenunua ya 100 ikala umeme hadi mamlaka ikashindwa kulipa bili, hapati hoja yoyote, kwa sababu bili ya umeme iko kwenye bajeti ya matumizi ya kawaida na pampu iko kwenye bajeti ya maendeleo, na faili hizo mbili hazikutani. Miongozo ya ukaguzi ikianza kuuliza gharama za maisha yote kwa manunuzi yanayokula nishati, tabia itabadilika haraka kuliko kwa semina. Nasema haya nikiwaheshimu. Sheria haiwezi kumwagiza ofisa aangalie mbele miaka 10 huku anayemkagua anaangalia risiti.

Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yana shabaha ya ununuzi wa umma, 12.7, na nchi nyingi zinaijibu kwa kutunga sera na mpango wa utekelezaji. Sera ni sawa, tuwe nazo. Benki ya Dunia nayo tangu Septemba 2023 inataka vigezo vya alama vya ubora vitumike katika sehemu kubwa ya zabuni za kimataifa za miradi inayoigharamia, kwa hiyo kisingizio kwamba wakopeshaji wanang'ang'ania bei ya chini kinaelekea kuisha.

La mwisho ni la kiufundi, na huenda ndilo kubwa kuliko yote niliyosema. Ununuzi unahamia kwenye mifumo ya kielektroniki. Tanzania imeingia kwenye mfumo wake uitwao NeST tangu 2023, na wengine wako njiani. Ndani ya mfumo, karatasi ya alama ni fomu iliyokwisha kuchorwa. Ofisa wa wilayani hataongeza safu ya gharama za uendeshaji kama fomu haina safu hiyo, hata kanuni zimruhusu mara kumi. Mfumo hautamzuia kusaini mkataba wa ulinzi ulio chini ya kima cha mshahara kama hakuna aliyeuagiza uzidishe na kulinganisha. Na ukiagizwa, atakwama papo hapo, bila semina wala waraka. Kwa hiyo kanuni zinapoandikwa, wanaojenga mifumo hiyo wawe mezani tangu rasimu ya kwanza, na kila kigezo kinachopendekezwa kiulizwe swali moja: kitakaa kwenye safu ipi, na namba yake itatoka kwa nani? Kisichokuwa na jibu kisubiri hadi kipate, au kirudi kwenye dibaji pamoja na wenzake.

Nashukuru kwa kunisikiliza, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nipo kwa maswali, na kama kuna mkaguzi anayetaka kunijibu, nadhani aanze yeye.